Barua ya wazi kwa wenye funguo za vyuo vyetu

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu nchini, Washauri wa Wanafunzi, Tume ya Vyuo Vikuu, na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

YAH: SIKU 75 ZA MWAKA 2020 NA OMBI LA UKUMBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoni. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoeshwa kuandika barua za ofisi, na kwa sababu barua ya mwisho niliyoandika kwa mtindo huu, wiki ya pili ya Juni 2020, bado nasubiri majibu yake. Nakala ninayo. Ina mhuri wa masijala na saini ya karani aliyeipokea huku akiniambia nisogee nyuma, nisimpumulie. Nilikuwa naomba ukumbi mmoja wa chuo kwa saa moja. Chuo chenyewe sikitaji. Wahusika wakisoma watajijua, na wengi wenu mngefanya vilevile.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Singida. Darasa mojawapo ninalofundishia ni kati ya yale 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa mwaka 2021, na ukutani limeandikwa hivyo kwa rangi ya bluu. Kila nikiingia kufundisha ngeli nakumbushwa janga, nipende nisipende. Mwaka 2025, ndani ya miezi mitatu tu, tulisikia Marburg kule Biharamulo mwezi Januari, kisha mpox mwezi Machi. Vijana wangu wa kidato cha sita wakaniuliza: mwalimu, na chuo wakikifunga tena sisi tutafanyaje? Nikawajibu kishujaa, kama mwalimu. Jioni nikakaa nikaona sikuwajibu kitu. Ndiyo maana nimewageukia nyinyi.

Mtakumbuka ilivyokuwa. Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza. Jumanne Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule. Jumatano ikawa zamu ya vyuo. Tulikuwa kwenye vimbweta tukijiandaa na jaribio la saa kumi, mtu akasoma tangazo kwa sauti kutoka kwenye simu, na kilichofuata, nisiwafiche, ni shangwe. Jaribio halipo! Tulijua ni siku thelathini za kula ubwabwa wa nyumbani na kurudi tumenenepa. Bwenini majiko ya koili, yale ambayo kila muhula mnayasaka chini ya vitanda na hamyaoni, siku hiyo yalitoka hadharani yakapangwa juu ya mabegi, na mlinzi akageuza uso pembeni. Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa Ubungo, kila mtu na godoro lake lililofungwa kwa kamba ya katani, tunagombea mabasi ya mikoani.

Sitawalaumu kwa kusimamisha masomo. Kumfundisha kwa mtandao mtu anayepanda kichuguu ili simu ishike, tena kwa bando la kukopa, ni kumpa adhabu. Nina neno moja tu kuhusu fedha, nalo nalisema haraka. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, linalipwa mtu akiwa chuoni. Chuo kikifungwa na lenyewe linafungwa. Wakati ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku (ilipandishwa hadi 10,000 mwaka wa masomo 2022/23), na kwa baadhi yetu hiyo haikuwa fedha ya chipsi. Ilikuwa inatoka Dar kwenda kijijini kulipa ada ya mdogo mtu. Waliopanga mageto walikuwa wameshatoa kodi ya miezi sita kwa vyumba ambavyo sasa vilikuwa vinalalwa na panya. Hilo liangalieni. Mimi nina jingine.

Kozi yetu ilikuwa na kundi la WhatsApp, kama kozi zote. Kazi yake ilikuwa madesa, yaani nakala za masomo, na swali moja lisilozeeka: "Mwalimu kaingia?" Baada ya kufungwa lilikaa kimya wiki mbili, mara mojamoja mtu anatupia dawa ya kujifukiza, mchaichai, majani ya mwarobaini, malimao, mwingine anampinga, basi. Usiku mmoja wa Aprili dada mmoja aliyekuwa Tandahimba akatuma sauti ya sekunde kumi na tano. Hakuna mtu aliyekuwa akiongea ndani yake. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kwa mbali bibi yake anakohoa. Chini akaandika: "Hili ni onyesho la kwanza. Nani anaendeleza?"

Kulipokucha zilikuwepo sauti tano. Kijana wa Kondoa alileta hodi isiyoitikiwa. Wa Pemba akaleta maji ya bahari na adhana ya mbali. Wa Buguruni akaleta konda anayemkataza mtu kupanda gari kwa sababu amepiga chafya. Hatukuitisha kikao wala hatukuchagua katibu. Hadithi ikajishona yenyewe: mgeni ameingia kijijini, kila mtu anamjua, na hakuna anayetaka kumtaja kwa jina lake. Huyu anamwita mafua, yule anamwita uchovu wa shamba, mwenyekiti wa kijiji anamwita maneno ya watu. Tukaupa mchezo jina, "Mgeni Hapigi Hodi".

Naomba mnivumilie nieleze tulivyorekodi, maana hapa ndipo palipokuwa chuo. Ukirekodi ndani ya chumba cha bati unapata mwangwi kama wa pipa. Kwa hiyo kila mmoja alijifunika blanketi gubigubi, simu mdomoni, jasho linachuruzika, akisema maneno yake kwa pumzi moja kabla hajazimia. Wa Sumbawanga hakuhitaji kuelekezwa, blanketi alikuwa amejifunika tangu asubuhi. Majogoo tuliyaacha. Mama wa mwenzetu mmoja alimwita katikati ya maneno mazito ya mganga, "We! Maji yameisha humu!", nayo tukaiacha, na mpaka leo ndipo watu wanapocheka kuliko pote. Sauti tulikuwa tunatumiana baada ya saa sita usiku kwa bando la usiku, kwa hiyo mchezo mzima ulitengenezwa na watu wenye usingizi. Aliyeunganisha vipande ni yule wa Buguruni, kwa programu ya bure, kwenye simu iliyopasuka kioo. Simu ikipata moto anaiegemeza kwenye mtungi wa maji mpaka ipoe, kisha anaendelea. Dakika ishirini na mbili zilimchukua wiki tano.

Mwalimu wetu mmoja alikuwa kundini, kiongozi wa darasa alimwingiza zamani akasahau. Tulipogundua yumo tuliogopa. Tukajua sasa atatuuliza kazi za seminari. Akaandika: "Mbona kijiji chenu hakina mzee? Mzee nitakuwa mimi." Usiku huo akatuma sauti ya sekunde arobaini, ya mzee anayemwambia mgeni: kaa, lakini jina lako useme mwenyewe. Aliirudia mara tatu kwa sababu, alituambia, ya kwanza ilisikika kama mhadhara.

Siku hizo kila mwenye akaunti mtandaoni alikuwa anatukumbusha Newton. Cambridge ilipofungwa kwa tauni mwaka 1665 akarudi nyumbani Woolsthorpe, na huko akafanya makubwa yake. Basi na sisi tusilale! Newton alikuwa na shamba la mama yake na muda wa kukaa peke yake. Dada wa Tandahimba alikuwa na bibi mgonjwa, wadogo wanne na jembe. Alichokuwa nacho cha ziada ni sisi, na sisi tulikuwa naye. Hapo ndipo nilipoelewa, tena kwa kuchelewa, kwamba zile saa za mihadhara zilikuwa kisingizio cha kutukutanisha.

Tarehe 1 Juni, baada ya siku 75, mkafungua. Tulirudi na barakoa za vitenge na vichwa vimejaa. Ratiba ya kufidia ikatungoja: mihadhara mpaka usiku, Jumamosi darasani, mitihani imesogezwa mbele ya pua. Muhula ukawa lumbesa, gunia limeshindiliwa hadi kitambaa kinalia. Najua mlikuwa mnabanwa na kalenda na wazazi walitaka watoto wao wamalize. Lakini mlipokuwa mnashindilia, vilivyotolewa kupata nafasi ni vilevile vya siku zote. Kwaya iliondolewa kwenye chumba chake kikawa darasa. Jumatano ya alasiri, ambayo tangu zamani ilikuwa ya michezo na vikundi, ikapewa vipindi viwili vya somo la pamoja, na haikurudi hata muhula uliofuata kulipokuwa hakuna tena cha kufidia.

Ndipo nikaandika ile barua. Tulitaka kuusikiliza mchezo wetu pamoja, mara moja, wote tuliojifunika blanketi mikoa mbalimbali tukae chumba kimoja tusikie tulichofanya. Wiki mbili nilipita masijala kila asubuhi. Mwishowe afisa mmoja akaniambia mlangoni, bila kunikaribisha kiti, kwamba mikusanyiko isiyo ya kitaaluma imezuiwa kwa sababu ya corona. Nilimwelewa. Ila ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma yake, madirisha wazi, na ndani wanafunzi kama mia tatu wa somo la pamoja walikuwa wanagombea viti, wengine wamekaa chini kwenye korido.

Tuliusikilizia kwenye ngazi za bweni, saa tatu usiku, spika ndogo ya kuazima imewekwa kwenye ndoo ya plastiki ili sauti itoke nene. Tulianza kumi na wanne. Mlinzi alikuja kutuambia tupunguze sauti, tukapunguza, akabaki amesimama.

Na hiyo ndoo nayo ina habari yake. Kijana mmoja wa uhandisi, akiwa kwao mwezi Mei, alitengeneza kinawio cha kukanyaga: fremu ya nondo, ndoo hiyo juu yake, kanyagio mbili, moja inaleta maji na nyingine inaleta sabuni, mkono haugusi kitu. Vilikuwepo vya namna hiyo nchi nzima, hakudai amevumbua. Cha kwake ni kwamba kilitumia springi ya kiti kibovu cha daladala, akakibeba kwa basi mpaka chuoni, akakitoa bure. Mkakiweka getini. Wageni walipigwa nacho picha. Baada ya wiki mbili springi ikalegea, maji yakawa yanachuruzika tu. Mwenyewe akapeleka maombi ya shilingi elfu tatu za springi mpya. Akaambiwa kifaa hakimo kwenye rejista ya mali za chuo, kwa hiyo hakina fungu la matengenezo, na kwa kuwa hakimo kwenye rejista haruhusiwi pia kukirekebisha mwenyewe ndani ya eneo la chuo. Kikaondolewa kikaenda nyuma ya stoo. Springi angeinunua mtaa wa Gerezani, Dar, kwa fedha yake, jamani. Aliyekatazwa ni mtu, na tangu siku hiyo sikumwona tena akibuni kitu. Alisoma, akafaulu, akaondoka.

Waliokuwa wanashona barakoa bwenini kwa cherehani ya kuazima walipewa onyo la kufanya biashara vyumbani. Sitaki kurefusha.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana hayo mengine ni malalamiko, na malalamiko ya mwanafunzi mmeyazoea. Februari 2021 yule mwalimu wetu, mzee wa sekunde arobaini, alifariki. Tanzia za kipindi kile mnazikumbuka zilivyoandikwa: "changamoto ya upumuaji". Yake iliandikwa hivyohivyo. Tuliisoma kundini na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, kisha yule dada wa Tandahimba akaandika maneno ya mzee: jina lako useme mwenyewe. Akayafuta hapohapo. Wengi tulikuwa tumeshayaona.

Baada ya arobaini binti yake alinitafuta. Alikuwa amesikia kwamba baba yake aliwahi kuigiza na wanafunzi, na nyumbani hawakuwa na sauti yake yoyote. Picha zipo, sauti hakuna. Aliniomba hiyo. Nikamwambia hilo ni dogo, leo hii nakutumia. Simu yangu ilikuwa imeshabadilishwa. Nikamuuliza wa Buguruni, yake ilichomolewa mfukoni Kariakoo. Wa Kondoa alikuwa amefuta kupata nafasi ya madesa ya mtihani. Kundini sauti ilionekana ipo, ukiigusa inakuambia haipatikani. Watu thelathini na mbili tuliufanya ule mchezo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nao. Siku tisa tuliutafuta. Ulipatikana Pemba, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya redio ya mjomba wa mwenzetu, ambaye alikuwa akiusikiliza akienda kuvua, akidhani ni mchezo wa redio ya Taifa.

Maktaba za vyuo vyetu zina tasnifu za miaka hamsini, na ni vizuri ziwepo. Lakini nionyesheni rafu moja yenye kitu ambacho wanafunzi wa nchi hii walikitengeneza kati ya Machi na Juni 2020 bila kuagizwa na mtu. Ngonjera zilikuwepo, vibonzo vilikuwepo, kozi ya jirani walikuwa na gazeti la picha wanalitoa kila Ijumaa kwenye simu, lenye tangazo la "anauzwa jogoo, anajua kuharibu rekodi". Vyote vimekwenda na simu zetu, na simu ya mwanafunzi mnajua inavyoishi. Diski ya kuhifadhia na mkutubi mmoja wa kupokea na kuandika nani, lini, wapi: gharama yake haifiki ya mahema ya mahafali moja.

Kuna mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, na majengo yanapanda vyuo vingi. Nimefurahi kwa kweli. Tuliobebana wanne kwenye vitanda viwili tunajua bweni lina maana gani. Ombi langu ni chumba kimoja katika kila chuo, kuta zimewekewa kitu cha kumeza mwangwi, soketi zinazofanya kazi, na funguo inayokaa mahali mwanafunzi anaweza kuichukua kwa kusaini daftari. Kisiitwe kituo cha ubunifu, tafadhali. Kikiitwa hivyo kitapata mkurugenzi, na mkurugenzi atataka tumwandikie barua kuomba kuingia. Kiitwe chumba namba fulani.

Na kama itabidi mfunge tena, fungeni, afya kwanza. Ila siku ya kutangaza kufunga, mwalimu mmoja wa kila idara aambiwe abaki na wanafunzi wake kwenye kundi lao, si kwa kufundisha, kwa kuwepo tu. Sisi tulimpata wa kwetu kwa bahati, kwa sababu kiongozi wa darasa alisahau kumtoa. Lile bando la usiku mlizungumze na kampuni za simu mapema, kabla hamjakaa kikao cha dharura. Mkifungua, Jumatano ya alasiri iguswe mwisho kabisa, baada ya kugusa vingine vyote, na ikiguswa irudishwe. Hata leo, ninavyoandika, wanafunzi wa chuo changu wananiambia bado haijarudi.

Mwisho, narudia ombi langu la Juni 2020, kwa kuwa sikuwahi kuambiwa limekataliwa kwa maandishi. Naomba ukumbi, saa moja, siku yoyote isiyo na mtihani. Mchezo ni dakika ishirini na mbili. Muda uliobaki ni wa watu kuingia na kusalimiana, wanatoka mbali. Binti wa mwalimu amesema atakuja. Spika na ndoo tutabeba wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, 2020

Nakala: Masijala, kama ile ya kwanza